Mjane na Usingizi Wake

Wapendwa wanandoa wa Kiirua, mwamjua Mwana Kupona wa Pate? Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa ameugua mwaka mzima, mjane huyo alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wosia juu ya maisha ya ndoa. Alifariki yapata mwaka 1860.

Hatuwezi kusema kwamba majonzi ndiyo yaliyomwua. Lakini madaktari wanajua kuwa aliyefiwa na mwenzi wake mara nyingi hukosa usingizi na hamu ya chakula, na shinikizo la damu huweza kupanda. Miezi ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi, hasa kwa moyo.

Basi jirani akifiwa, msimsahau mara tu mazishi yanapokwisha. Mtembeleeni jioni, mle naye, mmsikilize. Asipolala kwa majuma kadhaa, mpelekeni hospitali. Nanyi wawili, zungumzeni leo juu ya watoto na shamba. Mmoja wenu atabaki.