Patton na bastola zake za mpini wa pembe

JENERALI George Smith Patton wa Marekani anakumbukwa na wengi kwa majeshi yake yenye vifaru yaliyokatiza Ufaransa mwaka 1944, na kwa ulimi wake mkali. Picha zake humwonyesha pia akiwa na bastola kiunoni, yenye mpini mweupe wa pembe za ndovu. Wengi waliiona kuwa ni pambo la mtu anayependa kutazamwa. Hata hivyo, kila silaha aliyoichagua ilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu hizo alijifunza akiwa hatarini.

Patton alizaliwa Novemba 11, 1885, California, katika familia yenye historia ya kijeshi. Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1909, na miaka mitatu baadaye akaiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Mchezo wake ulikuwa pentathloni ya kisasa, uliojumuisha wakati huo kulenga shabaha, kuogelea, kupigana kwa upanga, kupanda farasi na kukimbia.

Katika kulenga shabaha, wapinzani wake walipendelea bastola ndogo za kipenyo cha .22, ambazo hazirushi mkono. Patton alichukua ya .38, iliyo nzito na inayotoboa tundu kubwa. Waamuzi walihesabu kuwa risasi yake moja haikugusa shabaha kabisa, ilhali yeye aliamini kuwa ilipita katika tundu lililokwisha kutobolewa. Alimaliza wa tano kwa jumla, nyuma ya Wasweden wanne.

Wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa limekwisha kupokea bastola mpya ya Colt ya mwaka 1911, inayojipakia risasi yenyewe kutoka katika magazini ya risasi saba. Maofisa wengi waliifurahia kwa kasi yake. Lakini inasimuliwa kwamba Patton, akiwa kituoni katika mpaka wa Texas na Mexico, aliichomeka yake kiunoni baada ya kuulainisha mtambo wa kufyatulia, nayo ikajifyatua na risasi ikashuka kandokando ya mguu wake hadi sakafuni. Tangu hapo hakuiamini tena.

Machi 1916, mjini El Paso, alijipatia rivolva ya Colt ya kipenyo cha .45, yenye umbo lililobuniwa mwaka 1873. Ilinakshiwa, ikapakwa fedha, na mpini wake wa pembe ukachongwa herufi za jina lake. Kwa aliyepima kasi peke yake, huko kulikuwa kurudi nyuma. Rivolva hiyo hupakiwa risasi moja moja, na nyundo yake huvutwa kwa dole gumba kabla ya kila mfyatuo. Lakini nyundo hiyo huonekana kwa jicho, na mwenye silaha hujua daima iko katika hali gani. Kwa usalama zaidi, Patton aliacha tundu moja la silinda bila risasi chini ya nyundo. Hivyo, kati ya risasi sita, alibaki na tano.

Upungufu huo ulijitokeza miezi miwili baadaye. Majeshi ya Jenerali John Pershing yalikuwa yameingia Mexico kumsaka Pancho Villa, aliyeshambulia mji wa Columbus, New Mexico, Machi 9 mwaka huo. Mei 14, Patton na wenzake wachache, waliotumwa kununua mahindi, waliliendea kwa magari matatu shamba la San Miguelito, jimboni Chihuahua. Wapanda farasi watatu walichomoka langoni, na risasi zikaanza kurindima.

Patton alimaliza risasi zake tano huku mapambano yakiendelea. Ilimlazimu kujibanza kwenye kona ya nyumba na kupakia upya, moja baada ya nyingine. Mwishowe Wamexico wote watatu walikuwa maiti, akiwamo Julio Cárdenas, kamanda wa walinzi wa Villa. Nchini kwao, waliouawa walikuwa watu waliopigana na jeshi la kigeni katika ardhi yao. Patton alichonga alama mbili katika mpini wa bastola yake. Villa mwenyewe hakukamatwa.

Fundisho la kona ile halikumtoka. Mwaka 1935, akiwa Hawaii, alinunua rivolva ya Smith & Wesson ya .357 Magnum, aina iliyokuwa mpya kabisa mwaka huo. Hii iliweza kufyatuliwa kwa kuvuta kidole tu. Aidha, silinda yake ilifunguka kwa ubavu na kutoa maganda yote kwa mkupuo mmoja. Nayo aliitia mpini wa pembe.

Katika Vita Kuu ya Pili, mahitaji yalibadilika tena. Jenerali hapigani kwa bastola. Patton alitaka askari wake wamtambue kwa mbali na kujua kuwa yupo mstari wa mbele. Mara nyingi alivaa moja tu, ingawa sifa zilienea kuwa alivaa mbili. Waandishi walipoandika kuwa mipini ilikuwa ya lulu, alikasirika.

Desemba 9, 1945, gari lake liligongana na lori karibu na Mannheim, Ujerumani. Alivunjika shingo, akapooza, na kufariki dunia Desemba 21 katika hospitali ya Heidelberg, akiwa na umri wa miaka 60. Alizikwa Luxembourg, miongoni mwa askari wake. Rivolva zake mbili zilihifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake huko Fort Knox, Kentucky, ile ya mwaka 1916 ikiwa bado na alama mbili alizochonga.