Sheldon Brown, fundi wa baiskeli aliyeacha karakana wazi

Ndugu msomaji, wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Leo nataka kukusimulia habari za mtu ambaye hayupo kwa miaka mingi sasa, lakini lake lipo, na kila siku linatumika. Hakuwa mwanasiasa wala tajiri. Alikuwa fundi wa baiskeli. Alipofariki mwanzoni mwa Februari 2008, waendesha baiskeli wa nchi nyingi walimlilia kama ndugu yao, ilhali wengi wao hawakuwahi kumwona kwa macho.

Jina lake Sheldon Brown. Alizaliwa Boston, Marekani, tarehe 14 Julai 1944, akakulia Marblehead, mji wa bandari ulio kaskazini ya Boston. Kufikia miaka ya 1970 alikuwa ameshazama kwenye ufundi wa baiskeli, na alikuwa mmoja wa waliofungua karakana ya ushirika katika mji wa Cambridge, ng'ambo ya mto kutoka Boston. Kwa kipindi fulani alishika kazi ya kutengeneza kamera, nayo ni kazi ya subira na vidole vyepesi. Aliandika pia makala katika magazeti ya waendesha baiskeli. Lakini mahali palipomtambulisha kwa dunia ni duka moja la West Newton, kitongoji cha Boston, lililoitwa Harris Cyclery. Hapo alikuwa msimamizi wa vipuri, mshauri wa ufundi, na ndiye aliyeanzisha tovuti ya duka.

Katika miaka ya 1990 intaneti ilikuwa bado changa. Maduka mengi yaliyoingia huko yaliweka anwani, nambari ya simu na picha mbili tatu za bidhaa, basi. Sheldon alifanya jambo jingine. Alianza kuandika kila alichokijua. Aliandika jinsi ya kunyoosha gurudumu lililopinda, jinsi ya kupanga spoku, jinsi ya kurekebisha gia, jinsi ya kumfundisha mtoto kuendesha. Aliandika kamusi ya maneno ya baiskeli kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwenye swali alimwandikia, naye akamjibu. Swali likirudiwa na wengi, aliligeuza makala ili na wengine wafaidike. Hakutoza senti.

Hebu nikupe mfano, maana sifa bila mfano ni maneno matupu.

Kila aliyewahi kununua taya ya baiskeli anajua usumbufu wake. Unaambiwa ni ya inchi 26, unafika nyumbani, haiingii kwenye ringi. Dukani wanasema umekosea wewe, fundi anasema limekosea duka. Sheldon alionyesha kwamba kosa ni la zile inchi zenyewe. Viwanda vya nchi mbalimbali vilizitumia kila kimoja kwa njia yake, kwa hiyo zipo taya kadhaa zinazoitwa inchi 26 na hakuna inayoingia mahali pa mwenzake. Taya iliyoandikwa 26 x 1.75 na ile iliyoandikwa 26 x 1¾ kwa hesabu ya darasani ni sawa, lakini moja inakaa kwenye ringi ya kipenyo cha milimita 559 na nyingine ya 571. Dawa yake ni kuacha kutazama inchi na kutafuta ile nambari ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa taya. Alipanga jedwali la vipimo hivyo vyote, la zamani na la sasa.

Na katika jedwali hilo sisi pia tumo. Zile baiskeli nyeusi ndefu za breki za vyuma, ambazo Kenya tumeziita Black Mamba, zinazobeba mitungi ya maji, mikate, samaki na madafu kuanzia Malindi hadi Kwale, taya zake za 28 x 1½ zimo, kipimo milimita 635. Wengine huziona chuma chakavu. Yeye aliziheshimu. Alizipenda mno baiskeli za Kiingereza za zamani, hasa Raleigh zilizotoka Nottingham, na gia tatu za Sturmey-Archer zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Aliwaelekeza watu namna ya kuzifufua badala ya kuzitupa. Mwenye baiskeli ya bei ya juu na mwenye baiskeli iliyookotwa kwenye banda la babu yake, wote aliwajibu kwa adabu moja.

Mfano wa pili ni cheni. Wengi wetu hudhani cheni hurefuka kwa sababu chuma kimevutika. Sheldon alieleza kwamba kinacholika ni pini na matundu yake, kidogo kidogo, mpaka cheni nzima ikawa ndefu. Kupima hakuhitaji chombo cha ghali. Chukua rula ya inchi 12, anza kupimia katikati ya pini moja. Cheni nzima, pini nyingine itaangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ukingoja ipite kwa sehemu moja ya 8, umechelewa, na meno yameshaliwa pamoja nayo, gharama yako imeongezeka. Kwa watu wa pwani, ambao mchanga na chumvi ndio majirani zao, somo hilo moja linaokoa pesa nyingi.

Alieleza pia kwa nini pedali ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia: ingefungwa upande mmoja na mwenzake, mzunguko wa mguu ungeilegeza mpaka ikachomoka. Alitetea breki ya mbele, inayoogopwa na wengi. Hoja yake ni kwamba unaposimama kwa ghafla uzito wote huhamia mbele, gurudumu la nyuma likawa jepesi na kuteleza, kwa hiyo kwenye barabara kavu nguvu kubwa ya kusimamisha iko mbele. Mtu ajizoeze taratibu hadi mkono ujue kiasi.

Hakuishia kueleza yaliyokuwepo tu. Kwa miaka mingi gia zilipimwa kwa inchi, hesabu iliyorithiwa kutoka zile baiskeli za kale zenye gurudumu kubwa la mbele. Wafaransa nao walikuwa na kipimo chao cha mita. Sheldon aliona hesabu zote mbili zinasahau urefu wa mkono wa pedali, naye akapendekeza hesabu yake. Chukua nusu ya kipenyo cha gurudumu, gawanya kwa urefu wa mkono wa pedali. Kwa mfano, milimita 340 kwa 170 ni 2. Kisha gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, tuseme 48 kwa 24, ni 2 tena. Zidisha, unapata 4. Maana yake mguu ukisafiri mita moja, baiskeli inasafiri mita nne. Ukitumia inchi, ukitumia milimita, jibu ni lile lile. Hesabu ya mtoto wa shule, lakini ilingoja mtu wa kuketi na kuifikiria.

Usidhani alikuwa mtu wa kukunja uso. Alifuga ndevu nyingi, na juu ya helmeti yake alibandika sanamu ya ndege tai, watoto wakimwona barabarani wanacheka. Kila tarehe 1 Aprili aliandika makala ya uongo mtupu kuhusu vifaa vya baiskeli visivyokuwepo, kwa lugha ile ile ya kitaalamu, mpaka wasiojua wakanaswa. Alipenda kupiga picha, na alipenda kuimba katika michezo ya jukwaani. Alikuwa na mke, mwalimu wa chuo kikuu, na watoto wawili, na familia yenyewe ilikuwa ya baiskeli. Walitembea kwa zile ndefu za watu wawili, mzazi mbele mtoto nyuma.

Alisifu sana pia baiskeli isiyo na gia wala mzunguko huru, ile ambayo gurudumu likizunguka na pedali lazima izunguke. Alifanya hivyo kabla vijana wa miji mikubwa hawajaigeuza kuwa fasheni. Kwake ilikuwa njia ya kumfundisha mtu kuendesha kwa ulaini na kuijua baiskeli yake.

Kisha ukaja mtihani. Miguu na mizani ya mwili vilianza kumsaliti. Mwaka 2007 madaktari walimwambia ana maradhi yanayokula utando unaolinda mishipa ya fahamu, ya aina ile isiyorudi nyuma. Fikiri, ndugu msomaji. Mtu aliyeishi juu ya magurudumu mawili anaambiwa hawezi tena kusimama sawasawa juu yake. Wengi wangefunga mlango na kununa. Yeye alihamia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukaa umeegemea nyuma, akaendelea. Hali yake aliiandika wazi kwenye tovuti, kwa utulivu ule ule aliouandikia cheni na taya, na maswali ya watu akaendelea kuyajibu. Mapema mwaka 2008 moyo ulisimama ghafla. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Habari zilipoenea, rambirambi zilimiminika. Gazeti la The Times la London, ambalo halina desturi ya kuwaandikia mafundi wa baiskeli, lilichapisha tanzia yake. Lakini kilio kikubwa kilikuwa cha watu wa kawaida: aliyetengeneza baiskeli yake ya kwanza kwa maelezo ya Sheldon, aliyefungua karakana kwa sababu yake, aliyemuuliza swali la kijinga akajibiwa bila kuchekwa.

Marafiki na familia hawakuiacha tovuti ife. Mwenzake John Allen, naye mwandishi wa mambo ya baiskeli, aliendelea kuitunza na kuiongezea. Duka la Harris Cyclery lenyewe lilifungwa mwaka 2021. Mafunzo yamebaki. Duka limekufa, ukuta umekufa, mwenyewe hayupo, na bado kijana popote alipo anaweza leo usiku kujifunza kutoka kwake jinsi ya kupanga spoku.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwetu ufundi una siri. Mwanagenzi hukaa na fundi miaka mitatu, akishika spana na kufagia, na ikifika hatua yenyewe hasa, anatumwa akalete chai. Akirudi, kazi imekwisha. Nawaelewa mafundi. Ujuzi ndio shamba lao, na mtu hagawi shamba barabarani. Huogopa kwamba mteja akijua hatarudi, na mwanafunzi akijua atafungua kibanda mkabala.

Maisha ya Sheldon yanajibu hofu hiyo, tena kwa hesabu. Duka lake lilikuwa dogo, katika kitongoji ambacho wengi hawangekisikia. Aligawa kila siri, na watu wakaanza kuagiza vipuri kwake kutoka mbali, kwa sababu mtu humwamini aliyemweleza ukweli kabla hajamwomba pesa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na wakati mwingine moyo huo huo huleta riziki.

Sasa tujitazame. Ni mafundi wangapi wa pwani hii wameondoka na ujuzi wao? Waunda majahazi, wachonga milango, washona kofia, wajenzi wa kuta za matumbawe, na huyo fundi wa baiskeli wa pale njiani ambaye kwa kusikiliza tu mlio wa gurudumu anajua spoku ipi imelegea. Tunawazika, tunawasifu matangani, na baada ya arubaini tunatafuta wa kutufanyia kazi ile ile, hatumpati. Kisha tunalaumu vijana kwamba hawapendi kazi za mikono. Watapendaje wasichoonyeshwa?

Sheldon alikuwa na kompyuta ya miaka ya 1990 na mtandao wa polepole. Leo kijana wa Likoni ana simu yenye kamera mfukoni. Hakuna kinachomzuia kukaa na mzee wake mchana mmoja, kumrekodi akieleza hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, kwa majina ya vifaa tunayoyatumia sisi. Mafundi nao, wale wazee wetu tunaowaheshimu, wamwache mwanagenzi aione ile hatua ya mwisho. Chai inaweza kuletwa baadaye.