Imamu Ghazali na Cheo Alichokiacha

Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka wa 450 wa Hijra (1058) katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani. Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Haramain al-Juwaini, akawa katika wabora wa wanafunzi wake. Mwalimu wake alipokufa, mwaka wa 478 (1085), alikwenda kwa Waziri Nidhamul-Mulk, naye akapendezwa na elimu yake. Mwaka wa 484 (1091) akampa kiti cha kusomesha katika Madrasa ya Nidhamiya, mjini Baghdad.

Hapo alipata kila ambalo watu hulitamani. Wanafunzi 300 walikaa mbele yake, wakubwa wa dola wakamheshimu, na jina lake likaenea. Lakini alipoihasibu nafsi yake, aliona kuwa nia yake katika kusomesha haikumsafia Mwenyezi Mungu, bali msukumo wake ni kutaka cheo na sifa. Siku moja huazimu kuondoka, na siku ya pili azima ile huvunjika. Karibu na miezi sita, tangu Rajabu ya mwaka wa 488 (1095), alikuwa katika mvutano huo, hata ulimi wake ukafungwa asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakimpiti kooni. Matabibu wakaona kuwa asili ya maradhi ni moyo, wala hayana dawa ila moyo utulie.

Basi akamwelekea Mola wake kama mtu asiye na hila, na kuacha kukawa kwepesi. Mali yake aliigawa, asibakishe ila cha kumtosha na posho ya watoto wake. Kiti chake akamwachia nduguye Ahmad. Mwezi wa Mfungo Pili akatoka Baghdad, akitangaza safari ya Makka, ilhali nia yake ni kukaa Shamu, kwa kuchelea Khalifa na rafiki zake wasimzuie. Huko Dimishki akijifungia katika mnara wa msikiti mkuu mchana kutwa. Kisha alikwenda Baitul-Mukaddas, na Khalil penye kaburi la Nabii Ibrahim, juu yake amani. Hapo, mwaka wa 489 (1096), aliweka ahadi tatu: asipokee mali ya sultani, asende kwa sultani yeyote, wala asishindane na watu kwa mabishano. Akahiji, na baadaye mapenzi ya watoto yakamrudisha kwao.

Wala kuacha huko hakukuwa kukimbia kazi. Katika miaka ile aliandika Ihyau Ulumid-Din, vitabu 40 katika robo nne. Na mwaka wa 499 (1106) alipotakiwa na Waziri Fakhrul-Mulk, alirudi kusomesha Nishapur. Lakini zamani alifundisha elimu ya kuchumia cheo, na sasa alifundisha elimu ya kukiachia.

Mwishowe alirudi Tus, akawa na madrasa na zawiya kando ya nyumba yake. Alifariki tarehe 14 Mfungo Tisa mwaka wa 505 (Disemba 1111). Basi na ajue kila mwenye kiti, awe mwalimu, kadhi au mzee wa mtaa, kwamba alichokiacha Imamu si kusomesha, bali ni kutaka kusifiwa. Na hicho mtu aweza kukiacha naye yu papo hapo kitini pake. Mwenyezi Mungu atunufaishe kwa elimu yake. Amin.