Fleeming Jenkin: Profesa wa uhandisi aliyeanzia nyumbani

Shuka matatu Karagita saa ya jioni, wakati wafanyakazi wa mashamba ya maua wanarudi kutoka kandokando ya Ziwa Naivasha. Wengi wana simu sikioni. Huyu anamjulia hali mamake Kilifi, yule anauliza watoto wa Busia kama wamekula. Wakishamaliza maongezi wanaingia kwenye ploti: vyumba vimepangwa mlango kwa mlango, na mwisho wa ua kuna choo kimoja cha wapangaji wote.

Sauti ifike mbali, na uchafu uondoke karibu. Mambo haya mawili yalimshughulisha mtu mmoja, na jina lake huku kwetu halitajwi. Anaitwa Fleeming Jenkin, profesa wa uhandisi aliyefariki mwaka 1885.

Alizaliwa Machi 25, 1833, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa ofisa wa jeshi la majini, mamake mwandishi wa riwaya. Pesa nyumbani zilikuwa chache, na familia ikahamahama: Scotland, Ujerumani, Ufaransa, kisha Italia. Kijana akasoma Chuo Kikuu cha Genoa na kufaulu vizuri sana katika sayansi. Lakini shahada haikumfanya aone haya kushika nyundo. Aliporudi Uingereza mwaka 1851 aliingia karakana ya Fairbairn mjini Manchester kama mwanagenzi, akipaka mikono grisi pamoja na mafundi wengine.

Kazi iliyompa jina ni nyaya za telegrafu za chini ya bahari. Mwaka 1858, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa melini katika Bahari ya Kati, wakiuvuta kutoka kilindini waya uliokuwa umekatika kati ya kisiwa cha Sardinia na Algeria. Baadaye alishirikiana na mwanasayansi William Thomson, na akawa katibu wa kamati iliyoweka vipimo vya umeme. Fundi wa redio anapotaja ohm leo, anatumia kipimo ambacho Jenkin alikitolea jasho.

Sisi wa pwani matunda ya fani hiyo tunayajua. Mwaka 1879 waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja, na habari iliyokuwa ikingoja meli kwa majuma ikaanza kufika siku hiyo hiyo. Mwaka 2009 nyaya za intaneti zikatua Mombasa. Mtoto wa Kilifi anayempigia mamake picha ya video kutoka Karagita, au mjomba aliye Muscat, anapita njia iliyofunguliwa na watu wa kizazi cha Jenkin.

Hata hivyo, simwandikii kwa sababu ya nyaya peke yake. Namwandikia kwa namna alivyoishi na watu wake.

Alipompenda Anne Austin, alikuwa kijana asiye na mali. Alikwenda kwanza kwa wazazi wa binti kuomba ruhusa, kama wazee wetu wanavyotaka. Walioana Februari 1859 katika likizo ya siku nne tu, kisha akarudi kazini. Kila safari ya kutandaza nyaya ilimtenga na mkewe, na kila safari alimwandikia barua ndefu, akimweleza bahari, mabaharia na mashine, ili naye awemo safarini. Hakuona kwamba kumtafutia mtu riziki kunatosha badala ya kuzungumza naye.

Mwaka 1865 Anne alijifungua mtoto wao wa pili, kisha akaugua ghafla. Jenkin alikimbia maili mbili kumtafuta daktari, akarudi amelowa jasho kwenye gari la farasi lililo wazi. Usiku kucha akachutama sakafuni penye upepo, ameushika mkono wa mkewe, asithubutu kusogea asije akamwamsha. Mkewe alipona. Yeye alitoka na maumivu ya viungo na ya mguu ambayo hayakumwacha kabisa mpaka kufa kwake.

Mwaka 1868 aliteuliwa profesa wa kwanza wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Nyumba yake ikawa na michezo ya kuigiza, wageni, na wanawe watatu wakishika vifaa vya ufundi mikononi. Wazazi wake alikuwa nao karibu uzeeni, na mamake aliishi miaka mingi akiwa amepooza. Mtoto yule aliyezaliwa mwaka ule wa taabu, Charles Frewen, alikuja kuwa profesa wa kwanza wa sayansi ya uhandisi Oxford.

Sasa turudi kwenye choo cha mwisho wa ua. Mwaka 1878 profesa huyu wa nyaya za baharini aliinama akatazama mitaro ya majitaka. Aliona kwamba nyumba nzuri za Edinburgh zina mabomba yanayovuja chini ya sakafu, na wenyewe hawajui mpaka mtoto augue. Mtu mmoja peke yake ataona gharama ya kumwajiri mhandisi ni kubwa. Basi akaanzisha chama: kila mwenye nyumba anatoa mchango mdogo kwa mwaka, na wote kwa pamoja wanakuwa na mhandisi wa kukagua mabomba na mitaro yao na kuwaambia ukweli. Mpango huo ukaigwa katika miji mingine, London ikiwemo.

Huo si ufundi mgumu. Ni chama, kama vile vyama ambavyo mama zetu wanachangisha kila mwezi, ila hiki kilikuwa cha mitaro.

Jenkin alifariki Juni 12, 1885, akiwa na miaka 52, baada ya upasuaji mdogo wa mguu kuleta sumu kwenye damu. Miezi michache kabla alikuwa amewazika wazazi wake wote wawili, waliofuatana kwa siku chache.

Tuna maprofesa wetu, na wahandisi wetu, wanaojua yote haya. Tuna pia ploti za Karagita, ambako ziwa likipanda maji yanaingia mashimo ya vyoo ya wanaokaa ufukweni. Na tusiwacheke wa bara: kisiwani Mombasa, ndani ya jiwe la matumbawe linalopitisha maji, kisima na choo cha shimo mara nyingi viko ua mmoja. Tunamngoja nani aje kutukagulia? Wapangaji ishirini wakichanga kidogo kidogo watamlipa fundi mmoja, na mwenye ploti atakosa pa kujificha.

Tumejaliwa simu za kuwauliza watoto walio mbali kama wamekula. Tuulize pia maji waliyokunywa yametoka wapi.