John Dalton, Mwalimu Aliyepima Visivyoonekana

Nilikwenda Busia kumjulia hali binti yangu, aliyeolewa huko na mfanyabiashara wa mahindi. Nikamkuta mjukuu wangu mkubwa kajiinamia. Alama zake za mtihani zilipungua kidogo, akakosa nafasi ya chuo kikuu, na sasa kaapa kuvichoma vitabu vyake aendeshe bodaboda, kazi ambayo hata jina lake lilizaliwa huko huko mpakani. Sikumgombeza, maana kazi ya halali haina aibu. Lakini kuchoma vitabu ni jambo jingine. Nikamchukua hadi Malaba, tukakaa kivulini kutazama foleni ya malori yaendayo Uganda, nikamhadithia habari za John Dalton.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mfumaji nguo, mtu wa hali ya chini. Alipotimia miaka 12, Dalton alikuwa tayari anasomesha watoto wenziwe. Elimu ya juu aliitamani, lakini watu wake walikuwa wa madhehebu ya Quaker, na zama hizo chuo cha Oxford hakikumpokea asiyekiri imani ya Kanisa la Uingereza. Basi akajisomea mwenyewe. Mwaka 1793 alihamia Manchester kusomesha, na tangu 1800 riziki yake ikawa ni kufundisha watoto wa watu hesabu na sayansi.

Tangu 1787 alikuwa na daftari la hali ya hewa, akiandika joto, mvua na upepo kila siku. Ni huko kuitafakari hewa kulikomfikisha kwenye atomi.

Fikra ya atomi, msomaji wangu, haikuanza naye. Wayunani waliitaja zamani. Na sisi tuliopitia vyuo vya Korani na kukaa mbele ya masheikh tumeisikia ile jauhari fardi, chembe isiyogawanyika, waliyoijadili wanazuoni wa ilmu ya kalamu kama Imam al-Ash'ari na, baada yake, al-Baqillani aliyefariki 1013. Lakini haki isemwe. Wao waliitafuta kwa hoja, wakitaka kuonyesha kuwa kila kitu kinamhitaji Muumba. Dalton aliitafuta kwa mizani.

Nikamwonyesha mjukuu wangu lori lililofunikwa turubai. Nikamwambia, tuseme huruhusiwi kulifunua, ila kulipima tu. Ukiona kila lori la mahindi uzito wa shehena yake ni kilo 90, au 180, au 270, wala hupati hata siku moja kilo 130, hutajua kwamba ndani mna magunia mazima ya kilo 90? Ndivyo alivyofanya Dalton. Ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani, ina ratili 3 za kaboni kwa ratili 4 za oksijeni. Gesi nyingine, ile tunayoitoa tukipumua, ina ratili 3 za kaboni kwa ratili 8 za oksijeni. Nne, kisha nane; hapana sita na nusu. Basi oksijeni huja kwa magunia mazima. Mwaka 1803 akatunga orodha yake ya kwanza ya uzito wa atomi, na mwaka 1808 akaanza kutoa kitabu chake juu ya elimu hiyo.

Hakukosa makosa. Alidhani maji ni atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, na kumbe haidrojeni ni mbili. Mwaka 1811 Mwitaliano Avogadro alionyesha njia ya kulisahihisha kosa hilo, lakini Dalton alishikilia lake. Baadaye ikabainika pia kuwa atomi yenyewe ina vitu ndani yake, na kiini chake kiligunduliwa na Rutherford mwaka 1911, katika mji huo huo wa Manchester.

Dalton alikuwa na ila ya macho, hatofautishi vyema rangi nyekundu na kijani, naye aliiandikia makala mwaka 1794. Mwaka 1832 Oxford, chuo kile kile, kilimpa shahada ya heshima na joho jekundu. Wekundu wake yeye hakuuona.

Alifariki Julai 1844. Daftari la hali ya hewa aliliandika mpaka siku zake za mwisho, na watu wapatao 40,000 walipita mbele ya jeneza la yule mwana wa mfumaji.

Mjukuu wangu hakusema neno. Jioni tuliporudi Busia alimwuliza mama yake kitabu chake cha kemia kiko wapi. Mama mtu alikuwa kakificha chini ya kitanda, kisije kikachomwa.