Bob Paisley: Mrithi ambaye Anfield haikumtarajia

JULAI 12, 1974 mji wa Liverpool ulipatwa na mshituko. Bill Shankly, kocha aliyeitoa klabu ya Liverpool Daraja la Pili na kuifanya moja ya timu kubwa za Uingereza, alitangaza kujiuzulu, ikiwa ni miezi miwili tu tangu atwae Kombe la FA kwa kuichapa Newcastle United mabao 3-0.

Vijana waliohojiwa na televisheni mitaani siku hiyo hawakuamini walichoambiwa. Wengine walidhani wanataniwa.

Yalipopita majonzi, ukaanza mjadala. Nani angeweza kurithi mikoba ya mtu aliyependwa kiasi kile? Wapo waliotamani Shankly abembelezwe abadili uamuzi wake. Wapo waliotazamia kocha mwenye jina kubwa kutoka nje ya klabu.

Wiki mbili baadaye, uongozi ulitoa jibu lake. Mrithi alikuwa Bob Paisley, msaidizi wa Shankly, mwenye umri wa miaka 55, mtu asiyependa maneno mengi na ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote. Mwenyewe aliipokea kazi hiyo kwa kusitasita.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Miaka tisa iliyofuata ilithibitisha usemi huo.

Robert Paisley alizaliwa Januari 23, 1919 katika kijiji cha Hetton-le-Hole, jimbo la Durham, kaskazini mashariki ya Uingereza, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Kijana Paisley alijifunza uashi, huku akisakata kandanda katika timu ya ridhaa ya Bishop Auckland, aliyotwaa nayo Kombe la FA la timu za ridhaa mwaka 1939.

Mwaka huohuo alijiunga na Liverpool, lakini kabla hajacheza mechi ya ligi, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikalipuka. Alitumikia jeshi la mizinga Afrika ya Kaskazini na Italia, na alikuwa miongoni mwa wanajeshi walioingia Roma mwaka 1944.

Vita vilipokwisha alirejea Anfield na kuwa kiungo wa kushoto mwenye nguvu. Alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 1946/47.

Pigo kubwa lilimpata mwaka 1950. Katika nusu fainali ya Kombe la FA alifunga moja ya mabao mawili yaliyowaondoa mahasimu wao, Everton. Hata hivyo, ilipofika fainali dhidi ya Arsenal katika uwanja wa Wembley, jina lake halikuwamo kikosini. Liverpool ililala 2-0. Miaka mingi baadaye, alipolazimika kumwambia mchezaji kwamba hatacheza, aliyajua maumivu hayo kwa nafsi yake.

Alitundika viatu mwaka 1954, lakini hakuondoka. Alikifundisha kikosi cha akiba, akajisomea namna ya kutibu majeraha ya wachezaji, na Shankly alipowasili Desemba 1959 alimkuta hapohapo. Pamoja na Joe Fagan, Reuben Bennett na Ronnie Moran, walikuwa wakikutana katika chumba kidogo cha kuhifadhia viatu. Humo walipima wapinzani, wakajadili afya ya kila mchezaji na kupanga mazoezi.

Shankly alikuwa sauti ya klabu na mashabiki walimwona karibu kama mtume wao. Paisley alibaki nyuma, na ndiyo maana wengi hawakumfikiria siku mikoba ilipokuwa haina mwenyewe.

Kiangazi hichohicho, klabu ya Leeds United, mabingwa wa Uingereza, nayo ilikuwa ikitafuta kocha baada ya Don Revie kuondoka kwenda kuifundisha timu ya taifa. Leeds ilichagua jina kubwa: Brian Clough, kocha aliyewahi kuipa Derby County ubingwa mwaka 1972.

Timu hizo mbili zilikutana Wembley Agosti 10, 1974 kuwania Ngao ya Hisani. Shankly ndiye aliyewaongoza wachezaji wa Liverpool kuingia uwanjani kwa mara ya mwisho. Kevin Keegan na Billy Bremner walitolewa nje kwa kupigana, mechi ikaisha kwa sare ya 1-1, na Liverpool ikashinda kwa mikwaju ya penalti.

Clough, aliyekuwa ameikosoa Leeds hadharani kwa muda mrefu, hakuelewana na wachezaji aliowakuta. Alitimuliwa baada ya siku 44.

Paisley naye hakuanza kwenye mteremko. Shankly aliendelea kufika mazoezini, na hali hiyo ilileta utata kuhusu nani hasa alikuwa mkuu, hadi ziara hizo zilipokoma. Msimu wa kwanza ulimalizika Liverpool ikiwa ya pili nyuma ya Derby, bila kombe jingine zaidi ya ile Ngao.

Lakini mabadiliko yalikuwa yakifanyika polepole. Beki Phil Neal alinunuliwa kutoka Northampton, timu ya madaraja ya chini, akaja kuwa nguzo kwa zaidi ya miaka 10. Ray Kennedy, aliyesajiliwa kama mshambuliaji, alirudishwa kucheza kiungo wa kushoto na akang'ara.

Msimu wa 1975/76 Liverpool ilitwaa ubingwa na Kombe la UEFA. Mwaka uliofuata ilitetea ubingwa huo, na Mei 25, 1977 ikaifunga Borussia Moenchengladbach mabao 3-1 na kutwaa Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza. Fainali ilichezwa Roma, mji ule ule ambao Paisley aliuingia akiwa askari miaka 33 kabla.

Keegan alipohamia Hamburg, mashabiki walihofia kuwa enzi imekwisha. Paisley alimleta Kenny Dalglish kutoka Celtic, na ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Club Brugge katika fainali ya mwaka 1978. Msimu wa 1978/79 timu yake iliruhusu mabao 16 tu katika mechi 42 za ligi. Kombe la tatu la Ulaya lilikuja mwaka 1981, Real Madrid ilipofungwa 1-0 mjini Paris.

Hadi anastaafu mwaka 1983, alikuwa ametwaa ubingwa wa Uingereza mara sita, Kombe la Ulaya mara tatu na Kombe la Ligi mara tatu. Kombe la FA, lililomliza mwaka 1950, hakulipata akiwa kocha. Rekodi yake ya makombe matatu ya Ulaya haikufikiwa na kocha mwingine hadi Carlo Ancelotti alipofanya hivyo mwaka 2014.

Wakati wa kumtafuta mrithi wake, klabu haikutazama mbali. Fagan alitoka katika chumba kilekile cha viatu, na msimu wake wa kwanza akatwaa makombe matatu.

Paisley alifariki dunia Februari 14, 1996 akiwa na umri wa miaka 77, baada ya kusumbuliwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Nje ya uwanja wa Anfield leo zimesimama sanamu mbili. Ya Shankly imenyoosha mikono kuupokea umati. Ya Paisley, iliyozinduliwa mwaka 2020, inamwonyesha akiwa amembeba mgongoni mchezaji aliyeumia, Emlyn Hughes, akimtoa uwanjani. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kwa miaka yote ambayo wengi hawakumtazama.