Kapteni Grant na Daftari Lake la Rangi za Maji

Katika nyanda kavu za Afrika Mashariki, tangu Ugogo huko Tanzania hadi pande za Turkana kaskazini ya Kenya, hupatikana swala mmoja mrefu, mwenye pembe zilizopinda kwa madaha na weupe nyuma ya mapaja. Wenyeji wa Lodwar na Kakuma wanamjua tangu enzi za mababu zao. Wataalamu wa wanyama, wao walimwandika vitabuni mwaka 1872 kwa jina la swala granti, na jina hilo ndilo lililoenea duniani.

Huyo Grant aliyepewa swala ni nani? Ni James Augustus Grant, askari wa Kiskoti, ambaye hakufika Turkana hata siku moja. Wanaomjua humtaja kuwa mwenziwe Kapteni Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la Mto Nile, na aghalabu humtaja upesi kisha wakaendelea na habari za Speke. Lakini marehemu huyu aliacha kitu ambacho Speke hakukiacha: picha ndogo ndogo za rangi za maji, alizozichora njiani kuanzia Unguja mpaka nchi za Nile. Makala haya ni habari za mtu huyo na daftari lake la kuchorea.

KUZALIWA NA UASKARI

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji mdogo wa Nairn, kaskazini ya Scotland. Babake alikuwa kasisi wa mji huo. Alisoma Nairn na Aberdeen, na mwaka 1846, akiwa na umri wa miaka 19, akaingia katika jeshi la Uhindi. Huko alipigana katika vita vya Punjab, na mwaka 1857, katika mapigano ya Lucknow, akajeruhiwa mkono.

Uhindini ndiko alikojuana na John Hanning Speke, kijana wa rika lake na askari kama yeye. Wote wawili walipenda kuwinda. Speke alikwisha kuingia bara ya Afrika pamoja na Richard Burton, na mwaka 1858 akaliona ziwa kuu la Nyanza upande wa kusini. Aliporudi kwao alidai kwamba Nile inatoka katika ziwa hilo. Burton hakukubali, na ugomvi ukazuka baina yao. Basi Speke alitaka kurudi akahakikishe, na safari hii alimchukua Grant, mtu mpole, mvumilivu, asiyependa makuu.

UNGUJA, AGOSTI 1860

Wawili hao walishuka Unguja mwezi Agosti 1860. Sultani alikuwa Sayyid Majid bin Said, naye aliwasaidia kwa watu na ulinzi wa Mabaluchi. Mkuu wa msafara alikuwa Sheikh Said bin Salim, aliyekwisha kuongoza msafara wa Burton na Speke hapo nyuma. Miongoni mwa wapagazi na walinzi alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyepelekwa Uhindi utotoni akiwa mtumwa, na ambaye jina lake linastahili kukumbukwa na kila mtu wa pwani. Mizigo ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba za kulipia njia, kwani bara haikuwa na sarafu.

Katika mizigo hiyo ilikuwamo kamera. Grant alipiga picha kadhaa Unguja, nazo ni miongoni mwa picha za kamera za mwanzo kabisa za kisiwa hicho. Lakini kamera ya wakati ule haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilihitaji vioo, dawa na hema la giza, na dawa ilipakwa na kusafishwa palepale kabla haijakauka. Kukaa ndani ya hema lililofungwa kwa jua la Mrima ni sawa na kukaa ndani ya tanuri. Walipoanza safari ya bara mwezi Oktoba 1860, ikawa dhahiri kwamba kazi hiyo itamuua Grant kabla ya homa. Kamera ikaachwa. Grant akashika penseli, brashi na rangi za maji.

Hivyo ndivyo daftari lilivyoanza. Halikuanza kwa sababu ya mapenzi ya sanaa peke yake, bali kwa sababu chombo kikubwa kilishindwa na chombo kidogo kikaweza.

KAZI YA NJIANI

Ndugu msomaji ambaye hajapata kushika rangi za maji huenda akafikiri ni mchezo wa watoto. La. Katika rangi za mafuta, mchoraji akikosea hupaka juu yake akasahihisha. Katika rangi za maji, weupe ni weupe wa karatasi yenyewe, na ukishaufunika haurudi. Ndiyo maana mchoraji huanza na mistari myepesi ya penseli, kisha rangi hafifu ya mbingu, halafu vilima vya mbali, na rangi nzito huja mwisho. Anachotaka kiwe cheupe, wingu au ukuta wa chokaa, hana budi kukiacha tangu mwanzo.

Tena karatasi lazima iwe ndogo. Jua halimngoji mtu. Kivuli cha kilima cha saa mbili asubuhi si kivuli cha saa nne. Ukurasa wa ukubwa wa kiganja au viwili humalizika kabla nuru haijabadilika, na daftari likafungwa likarudi mfukoni wapagazi wakinyanyua mizigo.

Grant alichora vijiji na nyumba za msonge, vilima na mito, watu na vyombo vyao, majani na maua. Pembeni ya picha aliandika mahali na siku. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo linaloifanya picha kuwa ushahidi. Picha nzuri isiyo na mahali wala tarehe ni pambo tu. Iliyoandikwa mahali pake na siku yake ni hati.

DONDA LA KARAGWE

Msafara ulifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi Januari 1861, ukawakuta Waarabu wa huko wakipigana na mtemi Manwa Sera. Njia zilifungwa na wapagazi wakatoroka. Ilibidi wasafiri wagawanyike, na Grant akakaa miezi kadhaa katika nchi ya Ukuni kwa mzee mmoja mtemi aitwaye Ukulima. Mwenyeji na mgeni walizoeana hata wakacheza ngoma pamoja, na tukio hilo limo katika picha za safari.

Novemba 1861 wakafika Karagwe kwa Mfalme Rumanika, aliyewapokea kwa ukarimu mkubwa. Huko ndiko mtihani mkubwa ulikomngoja Grant. Mguu wake mmoja ulivimba ukatoka donda, akashindwa hata kusimama. Desturi ya Buganda haikumruhusu mgonjwa kuingia katika nchi hiyo. Mwezi Januari 1862 Speke akatangulia kwa Kabaka Mutesa, na Grant akabaki Karagwe katika nyumba ya majani, akilala huku mguu unamuuma, asijue kama atapona.

Alibaki hapo mpaka Aprili. Mbele ya macho yake palikuwa na vilima vya majani na ziwa dogo chini yake. Mtu mwingine angenung'unika. Grant alitazama, akaandika na akachora. Watu wa Rumanika walimletea majani na maua ya vilimani, naye akayakausha na kuyaandika. Mkusanyo wake wa mimea ya safari nzima ulikuwa mkubwa hata Chama cha Linnean cha London kikautolea kazi maalumu kati ya mwaka 1872 na 1875.

Hatimaye alibebwa kwa machela akafika Buganda mwishoni mwa Mei 1862. Lakini bahati ilimkwepa tena. Speke alipokwenda kwenye maporomoko ambako maji ya Nyanza yanatoka kuwa Nile, tarehe 28 Julai 1862, Grant hakuwapo. Alikuwa amepelekwa upande wa Bunyoro pamoja na mizigo na ng'ombe. Mtu aliyetembea miaka miwili na rangi mkononi hakupata kusimama mbele ya mandhari ile ambayo safari yote ilifanywa kwa ajili yake. Watu walisema baadaye kwamba Speke alimdhulumu. Grant mwenyewe hakulalamika, akamtetea mwenziwe mpaka mwisho.

Februari 1863 walifika Gondokoro, wakateremka na Nile hadi Misri. Bombay na wenzake waliobaki waaminifu wakarudishwa kwao Unguja kwa meli.

RANGI ZILIZOPOTEA

Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na picha zake nyingi zilitokana na michoro ya Grant. Lakini mashine za siku zile hazikuweza kuchapa rangi kwa bei nafuu. Ilibidi mafundi wa London wachore upya na kuchonga juu ya mbao, kisha wapige chapa kwa wino mweusi. Wasomaji wa Ulaya wakaiona nchi yetu kwa weusi na weupe, kwa mkono wa mtu aliyekaa chumbani London. Kijani cha Karagwe, wekundu wa udongo wa Unyamwezi, kijivu cha mvua, vyote vilibaki ndani ya daftari.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Kizazi baada ya kizazi, picha iliyojulikana ni ile ya fundi, na ile ya shahidi ikawekwa kabatini. Leo michoro ya Grant imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Atakaye kujua bara lilivyokuwa mwaka 1861, kabla ya reli na kabla ya serikali za kikoloni, hana budi kuitazama.

Wala tusisahau kwamba daftari hilo halikutembea lenyewe. Lilibebwa kwa vichwa na mabega ya watu wa Mrima, Unguja na Unyamwezi, na safari zile zilifungua mlango kwa wakoloni waliokuja baadaye. Ukweli huo hauifuti picha, wala picha haiufuti ukweli huo.

NCHI AMBAYO HAKUIFIKIA

Turkana haimo katika daftari la Grant. Wazungu hawakuliona ziwa lake mpaka Machi 1888, walipofika Teleki na von Höhnel na msafara uliotoka Pangani ukiongozwa na Jumbe Kimemeta, mtu wa pwani. Na bado nchi ile yafaa mno kwa kazi kama ya Grant. Lodwar imezungukwa na vilima vya mawe meusi, na Mto Turkwel hupita kati ya mikoma na migunga. Huko Kakuma, mto Tarach ni mchanga mtupu siku nyingi za mwaka, kisha mvua ya mbali huujaza kwa saa chache. Saa sita mchana nuru hufuta kila kivuli na vilima vikaonekana bapa. Asubuhi na alasiri rangi hurudi. Karatasi hukauka kwa dakika moja, upepo huleta vumbi juu ya rangi mbichi, na maji ni ya kuhesabu, ingawa mchoraji hahitaji zaidi ya kikombe kimoja. Kakuma imekuwa na kambi kubwa ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na kwa mtu aliyepoteza kwao, ukurasa mmoja wenye mahali na tarehe si jambo dogo.

Kwetu sisi Waislamu wa pwani, kuna wanaosita kushika brashi kwa kuchelea hukumu ya picha. Yafaa kukumbuka kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alimwelekeza mchoraji aliyemjia kwenye miti na vitu visivyo na roho. Basi kilima, mnazi, bahari, msikiti na nyumba ya mawe vina nafasi. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, lakini orodha haizuii ukuta kuanguka. Kijana mwenye daftari, penseli na kisanduku cha rangi aweza kuandika leo ukuta ulivyo, barazani ulipo, tarehe hii.

MWISHO WAKE

Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mjadala wake na Burton. Mwaka huohuo Grant alitoa kitabu chake juu ya safari, na Chama cha Kifalme cha Jiografia kikampa medali ya dhahabu. Alioa mwaka 1865, akatumika katika vita vya Uhabeshi mwaka 1868, kisha akastaafu na cheo cha Luteni Kanali. Miaka yake ya mwisho aliishi kwa utulivu Nairn, mji aliozaliwa, na huko akafariki tarehe 11 Februari 1892, akiwa na umri wa miaka 64.

Ubishi wa Nile ulikwisha kuamuliwa akiwa hai, na sifa ilikwenda kwa Speke. Grant aliachiwa jina juu ya swala, na kurasa ndogo zenye vilima, nyumba na majani, kila moja na siku yake.